Kosta ya Kwenda Ziwani

Miaka thelathini na mbili Mwanaidi aliishi na mwanamume wa barabarani, na barabara yenyewe hakuijua. Kila alfajiri mumewe, Shafii, alitoka nyumbani kwao Chuno, Mtwara, akapakia abiria wa Nanyamba, akawapeleka, akarudi na wengine, na jioni akaingia ndani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwanaidi alibaki. Alikaanga mihogo barazani, akalea binti mmoja, Zawadi, akamuuguza mama yake mpaka akamzika, akabadilisha mabati ya paa mara mbili. Safari zake zilikuwa mbili tu, zote za kwenda Dar es Salaam harusini, na hata hizo huwezi kusema alizisafiri. Gari lilimchafua roho. Kabla hawajafika Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, alikuwa ameshajifunika ushungi usoni, kichwa begani kwa mumewe, na neno lake lilikuwa moja: "Niamshe tukifika."

Shafii alimtania kwa hilo mbele ya yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza. "Mke wa dereva huyu," alisema. "Muulize Lindi ikoje. Atakwambia ni nyeusi, kwa sababu aliiona akiwa ndani ya ushungi." Mwanaidi alimwambia anyamaze, naye hakunyamaza hata siku moja.

Basi Shafii alipostaafu udereva, watu walitegemea atakaa barazani acheze bao kama wenzake. Wapi! Siku moja aliitwa Mikindani kuwasaidia wazungu wawili, mume na mke, wazee kabisa, ambao gari lao lilikuwa limekatika springi. Akaingia ndani ya gari kutafuta jeki, na humo akakuta kitanda, jiko, sinki la kuoshea vyombo na rafu ya vitabu. Alirudi Chuno macho yamemtoka.

"Mama Zawadi, wale watu wana nyumba kwao, nzuri tu. Wameiacha, wanalala porini kwa kupenda! Wakiona mahali panawafurahisha, wanasimamisha gari, wanapika chai, wanalala."

"Na chatu?" Mwanaidi aliuliza.

"Chatu hajui kufungua mlango."

Ndugu mkubwa wa Shafii, Kassimu, alikuwa na Kosta kuukuu, basi dogo la abiria, iliyolala uani kwake tangu injini ilipokufa. Shafii akaiomba. Kassimu alimwambia aifufue kama anaweza, aitumie, lakini kadi ya gari inabaki kwa jina lake, na siku akiihitaji atasema. Waliafikiana hivyo mbele ya Mwanaidi, kila mmoja akiamini siku hiyo haitafika upesi. Kosta ikavutwa mpaka Chuno. Shafii akafanya kazi miezi minane. Aling'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele, na fundi Petro, seremala wa mtaa wa pili, akatengeneza kitanda cha mninga na kukifunga kwa bolti nyuma kabisa, chini ya kioo kikubwa. Wakaweka rafu, ndoo ya maji yenye bomba, na jiko la gesi la mtungi mdogo. Gesi yenyewe inachakatwa hapo Madimba, karibu tu, halafu watu wa Mtwara wanaifuata dukani kwenye mtungi. Shafii alilisema hilo kila alipobadilisha mtungi, akilalamika kama vile kuna mtu wa serikali amejificha chini ya gari anamsikiliza.

Kuhusu mahali pa kwenda hapakuwa na mjadala. Mwanaidi alizaliwa kando ya Ziwa Lihonga, bondeni Ruvuma, akaondolewa huko akiwa na miaka saba mama yake alipoolewa mara ya pili mjini. Hakurudi tena. Alichobaki nacho ni kidogo: maua ya maji, harufu ya matope, mngurumo wa viboko asubuhi, na mama yake akichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, akiwa amefunga kanga kifuani. Alikuwa amefika miaka hamsini na minne, na kila mwaka kimojawapo katika hivyo kilizidi kufifia.

Wakaanza kupanga. Shafii alinunua daftari, na kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la matairi yenye picha ya lori jekundu, akazungushia duara tarehe kumi na tano Julai. Eneo la kando ya ziwa ni la kijiji, si la mtu, kwa hiyo alikwenda mwenyewe kuomba ruhusa kwa mtendaji, mwanamke anayeitwa Beatrice, na huko akakwama nusu siku.

"Mzee, mkeo si ana ndugu hapa?" Beatrice aliuliza.

"Anao. Watoto wa mama yake mdogo."

"Sasa mtalalaje kwenye gari, na ndugu wana nyumba? Watu watasema mmewakinai. Au mmewaona wachawi."

Ilibidi Shafii azunguke kwa ndugu wale nyumba moja baada ya nyingine, akieleza kwamba hakuna ugomvi, ni matembezi tu, na chakula cha mchana watakula kwao siku zote tatu. Ndugu wakakubali kwa shingo upande. Ndipo akapata barua yenye muhuri: ruhusa ya kuegesha gari na kulala siku tatu kwenye uwazi wa juu, mradi wasikae chini ya mkuyu, kwa kuwa pale ndipo viboko wanapopandia.

"Na safari hii hulali," Shafii alimwambia mkewe. "Unakaa kiti cha mbele, macho makavu. Ukisinzia tu nageuza gari, nakurudisha Chuno."

"Nikitapika?"

"Tapika. Lakini ona."

Wiki moja kabla ya safari, Jumatatu asubuhi, Shafii alikwenda kuchota maji ya kujaza ndoo ya gari. Walimkuta amekaa chini, mgongo kwenye tairi la nyuma, dumu limeanguka na maji yote yamemwagika. Alizikwa alasiri ile ile.

Siku ya tatu, baada ya hitima, shehe alimweleza Mwanaidi lile alilokuwa analijua: eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nyumbani mwake, bila manukato, bila pambo, bila kutoka pasipo haja kubwa. Wageni walipopungua, Mwanaidi alisimama mbele ya kalenda. Akahesabu kwa kidole kutoka tarehe nane Julai. Nane Agosti, nane Septemba, nane Oktoba, nane Novemba. Akaongeza siku kumi. Akachukua kalamu ya Shafii akazungushia duara tarehe kumi na nane Novemba, na tangu hapo kila jioni baada ya magharibi akakata siku moja kwa mstari.

Naye alikaa, akakaa kwelikweli. Wapo wanawake wanaotoka eda kwa mlango wa nyuma, wakaenda sokoni wakarudi, na Mungu anawajua. Mwanaidi hakuwa wa namna hiyo. Nguo zake nyeusi mbili alizipishanisha, moja mwilini, moja kambani. Aliongea na wanaume kwa kupitia pazia la mlango, hata na shemeji yake Kassimu ambaye alimjua tangu akiwa bibi harusi. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, na mbele ya dirisha hilo, hatua kumi tu, ilikuwapo ile Kosta. Kwa miezi minne hakutazama kitu kingine. Aliona vumbi likijaa kwenye vioo, kuku wa jirani wakitaga chini ya injini, mapazia aliyoyashona mwenyewe yakipauka upande wa jua. Ilimuuma kuliko kaburi, kwa sababu kaburi hakulazimika kuliona kila asubuhi akifungua macho.

Nyumba ilimbana. Mwezi wa kwanza alilia, wa pili alipanga vyombo upya mara nne, wa tatu akaanza kuwasemesha watu wa kwenye picha za ukutani. Ndipo Zawadi, ambaye kila Ijumaa alikuja kutoka kwa mumewe Madimba, akalitoa daftari la baba yake kwenye kabati.

"Mama, tuimalize," alisema. "Leseni ninayo, baba alinifundisha gari kabla hujanifundisha kusonga ugali. Siku ukitoka eda, mimi na wewe."

Mwanaidi aliona hata pumzi inamrudia. Kuanzia hapo alikuwa na kazi. Madumu matano ya maji, unga wa muhogo kilo nne, dagaa wakavu, kisamvu kilichotwangwa, chumvi kwenye chupa yenye mfuniko, tochi mbili, chandarua, ndimu za kunusa kwa ajili ya roho kuchafuka. Aliyafuta daftarini, akayaandika upya, akabishana na Zawadi kuhusu sufuria moja au mbili. Zawadi alimpigia Beatrice, naye akaandika barua mpya, ila akaonya: kabla ya Desemba, maana mvua ikishika bondeni hata pikipiki haipiti mpaka Mei. Tarehe kumi na tisa Novemba, kesho yake ya kutoka eda, ilikuwa ndani ya wakati.

Ilibaki ruhusa ya mwenye kadi. Kassimu alikuja barazani, akakaa upande wake wa pazia, akasikiliza yote.

"Shemeji, mimi si mtu mbaya," alisema mwishowe. "Msimu wa korosho unakuja, gari litapata kazi, na mimi nina nyumba ya kulisha. Lakini marehemu alilipenda gari lile. Siku eda yako itakapoisha, siku tatu ni zako. Baada ya hapo narudisha viti. Lini unatoka?"

"Tarehe kumi na nane. Jumatatu."

"Basi nimeshika."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Nani ampinge mjane aliyeikata kalenda mstari kwa mstari?

Jumamosi ya tarehe kumi na sita, asubuhi, Mwanaidi alisikia nyundo. Alikimbilia dirishani. Mlango wa nyuma wa Kosta ulikuwa wazi, na fundi Petro, yule yule aliyekifunga kitanda, alikuwa anakifungua. Kassimu alikuwa ameshafika barazani, anakohoa ili ajulikane.

"Shemeji, nisamehe. Wenye ghala la Nanyamba wanataka gari la kubeba vibarua, na kazi inaanza Jumatatu asubuhi. Nisipopeleka mimi, anapeleka mwingine, na msimu wote umenipita. Leo lazima liende gereji likafungwe viti."

Mwanaidi alishika pazia kwa mikono miwili. "Ulisema siku tatu, shemeji."

"Nilisema. Na wallahi ungetoka katikati ya wiki hii, siku zako tatu ungezipata, nisingekugusa. Lakini eda yako inavuka. Nifanyeje? Nikwambie utoke kabla?"

"Sijasema hivyo."

"Basi tufanye mwakani, panapo majaliwa, mvua ikipita."

Kwa mwakani hawakudanganyana. Mwanaidi alijua, na Kassimu alijua kwamba anajua. Kosta ikishafungwa viti ishirini na tano na kupata kazi ya kila siku, hakuna atakayevifungua tena ili mjane akalale ziwani.

Alifikiri kutoka. Alifikiri kwenda kusimama mbele ya gari, mikono imetanuliwa, kama wanawake wa stendi wanavyosimama mbele ya basi lililomwacha mtoto. Kassimu asingempita, hakuwa mtu wa kumpita. Zawadi, ambaye usiku wa kuamkia siku ile alilala hapo, alimshika bega. "Mama, toka. Toka tu, nitaongea mimi na shehe." Mwanaidi alifika mpaka kizingitini. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa juu ya mbao, kandambili iko nje, karibu kabisa. Akaitazama ile kandambili. Siku mbili tu. Aliyekaa miezi yote ile, aivunje eda ya mume wake kwa siku mbili, kwa ajili ya gari? Watu watasema nini, na Shafii mwenyewe huko aliko? Akaurudisha mguu.

Kitanda kilitolewa na kuwekwa chini. Rafu zikafuata, ndoo yenye bomba, jiko, godoro la sufi likiwa limekunjwa, na mapazia juu ya godoro. Petro hakutazama dirishani hata mara moja. Gari likawaka kwa mkupuo wa kwanza, maana Shafii aliifufua injini ile vizuri, likatoka uani. Mwanaidi aliliona likiondoka, kama alivyoona magari yote ya maisha yake.

Kesho yake, Jumapili, Bi Roshan alifika kutoka Mikindani. Huyu alikuwa na duka la vitambaa, na Mwanaidi alikuwa mteja wake tangu wote wawili wakiwa wasichana. Hata kitambaa cha mapazia ya Kosta kilitoka kwake. Naye alikuwa mjane, eda aliijua. Alivua viatu, akaingia na doti mpya ya kanga kwenye mfuko, akamkuta mwenzake amekaa chini kwa nguo nyeusi, akashangaa.

"Mwanaidi, bado umevaa hizo? Mimi najilaumu nimechelewa kukupongeza. Duka limenishika tangu Alhamisi."

"Kunipongeza kwa lipi? Natoka kesho."

"Kesho kwa nini?" Roshan alikaa. "Mume wako amefariki siku ya kwanza ya Muharram. Mimi nakumbuka sana, ndiyo maana mazikoni sikuja. Siku ile tulikuwa tumeanza kusoma maombolezo ya Muharram msikitini kwetu. Mimi nimehesabu, nikamwambia mwanangu Umair, Alhamisi nipeleke Chuno, mwenzangu anatoka. Yeye akasema duka nani atakaa."

Mwanaidi alianza kuhesabu upya. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mwezi mosi Mfungo Nne, ndiyo hiyo Muharram, mwezi ulikuwa umeandama usiku wa kuamkia msiba, yeye na Shafii waliutazama pamoja kutoka uani. Mfungo Nne, Mfungo Tano. Mfungo Sita wakasoma maulidi mtaani, akayasikia kupitia dirishani. Mfungo Saba. Kisha siku kumi za Mfungo Nane.

"Leo mwezi ngapi?" aliuliza.

Zawadi aliangalia kwenye simu, akaangalia tena. "Kumi na nne Mfungo Nane, mama."

Wote watatu wakageukia ukutani, kwenye lile lori jekundu. Mwanamke aliyehitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mbili! Aliyefunga kila Ramadhani kwa kuutafuta mwezi mbinguni, anayejua Mfungo Sita kwa harufu ya pilau ya maulidi, ndiye aliyekwenda kuhesabu eda ya mumewe kwa kalenda ya duka la matairi. Hakudanganywa na mtu. Shehe alisema miezi minne, na miezi ya eda ni ile ile ya mwandamo, mifupi kuliko ya kalenda, tangu dunia iumbwe; yeye mwenyewe akaenda kusimama mbele ya kalenda ya Shafii kwa sababu duara la safari lilikuwa pale, na kidole kikaanzia hapo. Na hasira, kama ningekuwa mimi, ningeigawa kwa mtaa mzima, maana wanawake wangapi walipita mle ndani, wakaambiwa tarehe kumi na nane, wakaitikia "inshaallah" wakiendelea kunywa chai?

"Alhamisi," Mwanaidi alisema polepole. "Jana nilikuwa huru."

"Mama—"

"Nilisimama pale mlangoni, Zawadi. Mguu niliurudisha. Nilikuwa huru."

Bi Roshan akaanza kulia kwanza, akijipiga paja, akisema angekuja Alhamisi hata kwa miguu. Mwanaidi hakulia. Aliinuka, akalipita pazia, akafika kizingitini. Mtu anayetoka eda huogeshwa, huvishwa, hupakwa manukato, wanawake wakamzunguka kwa vigelegele. Yeye alivaa kandambili. Jua lilimpiga usoni, akasimama kidogo mpaka macho yalipozoea, kisha akatembea zile hatua kumi alizozitazama tangu Julai.

Pale ilipokuwa Kosta pamebaki mstatili wa udongo mkavu wenye madoa ya oili. Kitanda cha mninga kilikuwa katikati yake, kama Petro alivyokiacha. Alikunjua godoro mwenyewe. Akalitandika, akakung'uta mapazia akayaweka chini ya kichwa, akapanda, akajinyoosha kwa upande wake, ule wa ukutani, akauacha wa Shafii.

Zawadi alikuja mbio na daftari mkononi. "Mama, tunaweza kwenda. Nitaazima gari, au tupande pikipiki, kesho hiyo hiyo. Beatrice anatungoja. Ndugu zako wana nyumba, tutalala kwao."

Mwanaidi alivuta ushungi mweusi akajifunika uso.

"Niamshe tukifika," alisema.

Zawadi alikaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa mama yake, daftari mapajani.